Jozi ya Macho ya Mwalimu

Ukitaka kumkasirisha Mama Mboni, mwambie kazi yake inatisha. Atakutazama juu ya miwani yake, akuulize kama na meno ya bandia yanakutisha, na miguu ya bandia je, kisha akupe mgongo aendelee na brashi yake. Ana haki ya kukasirika, sikatai. Ila tusidanganyane: meno ya bandia ukiyafungulia droo hayakuangalii.

Yeye anatengeneza macho. Si miwani, macho yenyewe, ya plastiki ngumu, kwa watu waliopoteza yao kwa ajali au ugonjwa. Chumba chake kiko mwisho kabisa wa ukumbi wa hospitali, kinapakana na karakana ya miguu ya bandia, kwa hiyo mchana kutwa anafanya kazi huku nyundo za jirani zikigonga ukutani. Ana meza chini ya dirisha, taa ya shingo ndefu, mashine ndogo ya kung'arishia, na kabati la droo nyembamba lililojaa macho yaliyokosewa. Hayatupi. Ayatupe wapi? Aliwahi kutupa moja kwenye pipa la ukumbini, mfagizi akafungua kifuniko akalikuta limemkodolea, na masikini yule mama akalazwa wodi ileile aliyokuwa akiifagia. Tangu hapo makosa yake yote anakaa nayo mwenyewe.

Watu wanadhani macho ni meusi au ya kahawia, basi, imekwisha. Wanakosea, na Mama Mboni anaweza kukuweka kitako mpaka chai yako ipoe akikueleza wanavyokosea. Kuizunguka mboni kuna duara la rangi, na ndani ya duara hilo kuna nyuzi, na katikati ya nyuzi kuna vidoa, na pembezoni kuna kivuli kisichofanana kwa watu wawili wowote. Anachora tabaka moja, analiacha likauke, anachora lingine. Kwenye weupe anatandika nyuzi za hariri nyekundu, nyembamba hata pumzi inaweza kuzipeperusha, ziwe mishipa. Mwisho anamimina plastiki angavu juu yake, na jicho linazaliwa.

Kanuni yake ni moja tu: hachori jicho bila jicho hai mbele yake. Mteja anakuja na lile moja alilobaki nalo, anakaa dirishani, na Mama Mboni anachora la pili huku akilitazama la kwanza. Hachori kwa kubahatisha, hachori kwa kusimuliwa. Kwa sababu hiyo anakumbuka macho ya watu kuliko sura zao. Atapishana nawe sokoni baada ya miaka, jina limemtoka, lakini jicho lako la kulia atakueleza.

Sasa sikia jambo linalomtafuna. Macho ya marehemu mumewe hayakumbuki.

Mumewe alikuwa fundi wa redio, mtu wa utani, na hakukubali hata siku moja kukaa dirishani achorwe. "Ukishapata la akiba," alikuwa akimwambia, "hili nililo nalo utalichezea." Alipougua alilazwa hospitali hiyohiyo, ghorofa ya juu. Siku ile muuguzi alishuka akachungulia mlangoni: "Mama, mzee anasema uje akuone." Mama Mboni alikuwa na tabaka bichi mezani. "Mwambie nakuja," alisema, "nimalize hili lisikauke vibaya." Alipopanda ngazi, mtu mwenye huruma alikuwa ameshamfumba macho.

Tangu hapo anamkumbuka masharubu, anamkumbuka kikohozi, anakumbuka hata jinsi alivyoshika bisibisi. Akifika kwenye macho, hakuna kitu. Mahali pale pamefutwa. Amejaribu kuyachora mara chungu nzima, kwa kuvunja kanuni yake mwenyewe, na kila alilolichora lilikuwa jicho la mtu asiyemfahamu. Yote yako droo ya chini kabisa.

Basi asubuhi moja akaingia Mwalimu, ameshikwa mkono na binti yake. Mwalimu huyu alifundisha fizikia mpaka chupa ilipolipuka maabara ya shule na kumharibu macho yote mawili, binti akiwa bado anatambaa. Tangu hapo amejificha nyuma ya miwani nyeusi. Hakuwa mtu wa kujionea huruma. Alikuwa anatunga kitabu kidogo cha kuwaeleza watu wa kawaida mambo ya ajabu ya chembe ndogo kabisa zinazounda kila kitu. Yeye anasema, binti anapiga chapa.

"Na mimi ndiye wa kwanza kutokuelewa," alisema binti. "Shikamoo, mama. Tumekuja tunataka macho mawili."

"Marahaba. Mawili?" Mama Mboni hakuwahi kuombwa mawili. "Na mfano uko wapi? Yalikuwa na rangi gani?"

"Baba mdogo anasema meusi tii. Shangazi anaapa yalikuwa kama asali. Picha za enzi hizo zote hazina rangi, na mama hayupo tena."

"Wewe mwenyewe je, Mwalimu?"

"Mimi nilikuwa nayatumia kutazama vitu vingine," alisema Mwalimu.

Mama Mboni akamuuliza binti kama basi achore kama ya kwake. Binti akasema yake ni ya mama yake mtupu, kila mtu anajua. Hapo Mama Mboni angewarudisha nyumbani, kanuni ni kanuni, ila binti aliinamisha kichwa akasema, "Nina mtoto, mama. Akimwona babu yake bila miwani anapiga kelele mpaka anatapika. Na babu anampenda. Hata kumpakata hajawahi." Ukiambiwa hivyo utafanyaje? Mama Mboni akavuta kiti. "Mkalishe hapo," alisema, na siku hiyo akachukua umbo la ndani ya vifuniko vya macho kwa uji wa unga laini unaoganda.

Waliporudi kwa ajili ya uchoraji, binti alikuwa na shughuli zake mjini. Alimwacha baba yake kwenye kiti cha dirishani, kile cha kukalia mfano, ingawa hakuwa na mfano wowote wa kutoa. Mama Mboni aliandaa rangi, akaweka mbele yake viduara viwili vya plastiki vya kuchorea rangi ya jicho, akashika brashi, akakwama. Hakujua aanzie wapi.

"Fundi," alisema Mwalimu, "hebu niazime macho yako kidogo."

"Ninayo, kabati zima. Chagua droo."

Mwalimu alicheka mpaka akakohoa. Kisha akatoa mfukoni vioo vitatu vya miwani ya jua, vile vya kukata mng'ao, alivyovibandua kwenye fremu zilizovunjika. Kila kimoja kilikuwa na mkwaruzo ukingoni ili kidole kijue upande wake wa juu.

"Weka kimoja mbele ya dirisha. Unaona nini?"

"Dirisha. Limefifia kidogo."

"Ongeza cha pili mbele yake, mkwaruzo wake ukiwa ubavuni."

"Giza."

"Giza kabisa?"

"Kama nimefunga mlango."

"Vizuri. Sasa mwanga haumiminiki kama maji bombani. Unakuja kwa chembe, moja moja. Kila chembe ikifika kwenye kioo inaulizwa swali. Kioo cha kwanza kinauliza: umesimama? Inayojibu ndiyo inapita, inayojibu hapana inaishia hapo. Cha pili kinauliza: umelala? Na zile zilizokwisha kusema zimesimama haziwezi kusema zimelala. Ndiyo hilo giza lako."

"Mpaka hapo sioni ajabu," alisema Mama Mboni, ambaye si mwepesi wa kusifu.

"Kipenyeze cha tatu katikati ya hivyo viwili. Kiweke mshazari."

Akakipenyeza, akijua kabisa atapata giza la kuzidi, maana vioo vitatu vya giza ni vitatu. Lakini pale vilipokutana vyote, mwanga ulirudi. Aliona nondo za dirisha, akaona paa la chumba cha kufulia, akaona mashuka ya wagonjwa yakining'inia kwenye kamba. Akakichomoa: giza. Akakirudisha: paa, mashuka.

"Nimeongeza kizuizi," alisema polepole, "na mwanga umeongezeka."

"Wengi hapo ndipo wananirudishia vioo vyangu. Kioo cha katikati kimeuliza swali la mshazari, na chembe iliyojibu swali hilo haina tena lile jibu la kwanza. Si kwamba inalificha. Halipo. Kwa hiyo kioo cha mwisho kikiuliza umelala, inajibu upya kabisa, na baadhi zinasema ndiyo."

"Inajibu kwa kufuata nini?"

"Haifuati kitu. Kwa tunavyojua, ndani yake hakuna chochote kinachosema itajibu ndiyo au hapana. Wapo wenzangu wanaobisha, na waache wabishe, lakini wengi tumesalimu amri. Jibu halikuwa limekaa humo likisubiri kuulizwa. Linapatikana kwenye kuuliza. Na ukishalipata, ukirudia swali lilelile, utapewa lilelile, ukadhani lilikuwepo tangu zamani."

Mama Mboni alirudisha vioo mezani. Alikuwa ameshachukua brashi bila kufikiri. "Na kama hakuna mtu wa kutazama?"

"Mtu hahitajiki. Hapo pia wanakosea, wanadhani ni roho ya mwanadamu inayofanya kazi. Kioo kina roho? Kitu chochote kikigusana na chembe kikabaki na alama, kimeshatazama. Jiwe linatazama. Ukuta huo unatazama."

Bila kutaka, Mama Mboni aligeuka kuliangalia kabati lake. Droo ya chini ilikuwa wazi kidogo, na yeye alikuwa na hakika aliifunga. Nyundo za jirani zina tabia ya kuitikisa, alijiambia. Akaisukuma kwa mguu.

Mwalimu aliendelea kupiga soga, mara chembe, mara wanafunzi wake wa zamani, mara mjukuu wake na ukali wake. Mama Mboni aliitikia mh, mh. Mkono wake ukaenda. Ulichukua kahawia, ukachukua nyekundu kidogo, ukachukua na ile kijani ya mwani ambayo huwa inamkaukia kwenye kichupa kwa kukosa kazi. Kwenye duara la kushoto, chini, uliweka kidoa kimoja cha rangi ya kutu. Hakujiuliza kwa nini. Binti alipokuja kumchukua baba yake, kazi ilikuwa imekwisha na Mama Mboni hakukumbuka hata tabaka moja alivyolichora.

Macho yalipotoka kwenye kalibu, chombo cha kuyapa umbo, aliyang'arisha, akayalaza juu ya kitambaa cheupe, akageuka kuvuta taa. Alipogeuka tena, mumewe alikuwa anamtazama.

Aliketi. Majirani walikuwa wameacha kugonga, bila shaka wamekwenda kula, na kimya kilichokuwa chumbani humo hakikuwa kimya cha kawaida. "Mzee," alijisikia anasema. Ndiyo, kile kidoa. Alikuwa nacho. Alimwona ameinama juu ya redio, akainua uso kuomba koleo, na kidoa kikashika mwanga. Alimwona kwenye kituo cha basi mvua inanyesha. Alimwona siku ya kwanza kabisa. Kumbukumbu zilikuja zikisukumana, na kila moja ilikuwa na macho yake mahali pake, kamili, na kidoa cha kutu chini kushoto.

Alilia, simfichi. Alilia kwa furaha. Halafu wazo likamjia, na machozi yakamkatika. Jana kumbukumbu hizi zilikuwa wapi? Alijaribu kuukumbuka uso wa mumewe kama alivyoukumbuka juzi tu, ukiwa na ile nafasi iliyofutwa. Hakuweza. Kila mahali macho yalikuwepo, kana kwamba hayakuwahi kukosekana. Na hapakuwa na mtu aliyebaki duniani wa kumuuliza kama mzee alikuwa na kidoa. Akayageuza macho yale kifudifudi. Hata migongo yake ilimtazama.

Utasema angeyanakili, jambo likaisha. Alijaribu. Mfano alikuwa nao sasa, mkono ni uleule. Nakala zilitoka bila kasoro, na zilikuwa plastiki tu. Ile jozi ilibaki moja. Akaifunga kwenye leso, akaipeleka nyumbani, akaiweka kando ya redio ya marehemu, akala chakula chake ameinamisha uso kama bi harusi.

Siku ya kuvisha macho ilipofika, alikuwa ameshaandaa uongo: yamepasuka kwenye kung'arishwa, tuanze upya, samahani sana. Maneno yalikuwa ulimini. Mwalimu akaingia, binti akaingia, na nyuma ya binti aliingia mtoto mdogo wa kike aliyeshika gauni la mama yake kwa mikono miwili na kuficha uso humo. Mwalimu alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikononi.

"Mwalimu," alisema Mama Mboni, akauacha uongo. "Macho haya yana mwenyewe."

Akamweleza yote: redio, ngazi, brashi, kidoa. Mwalimu alisikiliza huku kidole chake kikipapasa mkwaruzo wa kioo mfukoni.

"Miaka yote niliyatafuta nikakosa," alisema Mama Mboni. "Sasa siwezi kutoyaona. Nimeyakumbuka, au nimeyatengeneza? Wewe ndiye msomi wa mambo hayo. Niambie."

"Macho ya mumeo hayakuwa chembe ya mwanga. Yalikuwa na rangi yake, uyatazame usiyatazame. Hilo ushike."

"Na kumbukumbu yangu?"

"Labda ulikuwa unauliza moja kwa moja ukapata giza, na mimi nikakaa katikati mshazari, yakapita. Labda umeuliza swali jipya ukapata jibu jipya, na la zamani ndiyo basi tena. Ukiwa ndani yake huwezi kutofautisha. Somo langu linaishia hapo, mama. Ningekuwa na zaidi ningekupa."

"Huo ni ukatili."

"Ndiyo maana sura hiyo ya kitabu haijaisha," alisema Mwalimu. Kisha akauliza, "Unataka yabaki kwako?"

"Nayataka kuliko kitu chochote."

"Basi yabaki. Mimi na miwani yangu tumezoeana."

Alisema hivyo bila kinyongo, akaanza kuinuka. Binti alimwekea mtoto kiganja kichwani. Mama Mboni alimtazama mtoto yule, kisogo kile kidogo kilichojificha, na akajua ingekuwaje. Angekaa na jozi yake nyumbani, ikimtazama kutoka rafuni, naye akiinamisha uso, mpaka siku ya kufa kwake. Yale hayakuwa maisha ya macho. Mzee alipomwita hakuwa ameomba kuwekwa. Aliomba amwone.

"Kaa chini, Mwalimu," alisema.

Alinawa mikono. Akafungua leso. Akainua kifuniko cha juu kwa kidole gumba, akatelezesha la kulia, kisha la kushoto, kazi aliyoifanya mara nyingi kuliko alivyowahi kupika. "Fumba," alisema. "Sasa fumbua."

Mwalimu akafumbua, akageuza uso kuifuata sauti. Macho yakageuka pamoja naye, taratibu, nyuma kidogo ya uso. Mwanga wa dirisha ulikiwasha kidoa. Mumewe alimtazama, amekosea kidogo, kwenye bega, kama mtu anayesubiri mlangoni na hajui anayemngoja ataingilia upande gani.

"Nitazame wapi?" aliuliza Mwalimu.

"Hapa. Ninapozungumza."

Macho yakasogea, yakamfikia, yakatulia. Mama Mboni alishika ukingo wa meza.

"Nimekuja," alisema.

Mwalimu alijua hakuambiwa yeye. Alikaa bila kutikisika, akayaacha macho yatazame, muda mrefu kuliko mtu asiyeona anavyohitaji kutazama. Ukutani nyundo zilikuwa zimenyamaza tena. Yule mtoto, aliposikia hakuna anayesema, alitoa uso kwenye gauni. Alimwangalia babu yake. Hakupiga kelele. Aliliachia gauni, akasogea hatua moja, akayafuata yale macho yalikoelekea, kisha akayarudia.

"Babu anamwangalia nani?" aliuliza.

"Mimi," alisema Mama Mboni. "Ngoja kidogo, mwanangu. Sasa hivi atakuangalia na wewe."